Sebule ya Mgeni

Ukifika Bagamoyo, hii ya kwetu Tukuyu na si ile ya pwani, ukapita kwa Mama Beatrice, usijichoshe kubisha hodi. Hutajibiwa. Utasimama mlangoni unalowa, utawasikia watu ndani, sufuria zinagongana, mtu anacheka, lakini "karibu" hutaisikia ng'o. Baadaye mlango utafunguliwa kidogo. Mama Beatrice atakutazama usoni, atakutazama miguuni, kisha atakushika mkono na kukuvuta ndani bila kusema neno.

Basi watu wanasema ana maringo. Akina mama wa kwaya wanasema fedha za mumewe zimemfanya asahau adabu. Maneno haya yananiudhi, nasema ukweli, maana nusu ya wanaoyasema wanajua kilichotokea katika nyumba ile, na nusu nyingine hawajawahi kuuliza. Sikilizeni basi, halafu mkaseme vizuri.

Ilianzia miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Si mnakumbuka: jana tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo pale stendi kuna redio za kaseti, mablanketi ya maua na sahani za kioo, na watu wazima wamesimama wameshika viuno hawajui waanze na kipi. Gwakisa, mume wa Marietha, ambaye ndiye Mama Beatrice, alikuwa anapakia ndizi na viazi kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Zamani lori lilirudi tupu. Sasa likawa linarudi na vitu, na vitu vyenyewe hakuviuza. Aliviingiza sebuleni kwake.

Alianza na dari, akapigilia silingibodi. Akapaka kuta rangi ya mafuta, akatandika zulia jekundu kutoka ukuta hadi ukuta, akatundika mapazia mazito, nayo mekundu, hata saa sita mchana mle ndani kukawa na wekundu kama wa ndani ya kope ukifumba macho juani. Akaleta seti ya makochi ambayo hakuyavua nailoni yake. Akaleta kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai, na maua ya plastiki, na saa ya ukutani inayoimba. Mwisho, juu ya kochi kubwa, kuelekea mlangoni, akatundika kitambaa alichokidarizi Marietha alipokuwa msichana kwao Lufingo: ndege wawili wanatazamana, na katikati yao, kwa uzi mwekundu, KARIBU MGENI.

Kisha akaufunga mlango kwa kufuli, ufunguo akauning'iniza kwenye mkanda wa suruali.

Kaufunga! Sebule ya nyumba yake mwenyewe! Jirani yake Amoni, naye mtu wa biashara ya ndizi, alikuja akaonyeshwa vitu kwa kusimama kizingitini, akarudi kwake bila kuaga, na haukupita muda tukasikia naye anapigilia silingibodi. Nyumba zao zimepakana kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule wanakupa pole.

Familia iliishi jikoni, kwenye kibanda cha mianzi kilichoegemezwa nyuma ya nyumba. Humo walipika, humo walikula, humo walikaa mpaka usingizi uwapeleke chumbani, ambako kuta zilikuwa zinatoka jasho na godoro halikauki. Mnaijua Tukuyu. Hapa mvua hainyeshi tu, inaishi. Na Beatrice, binti yao wa pekee, ambaye alikuwa hata shule hajaanza, alikuwa na kifua. Alikohoa akila, alikohoa akicheza, alikohoa mpaka mbavu zikawa zinaonekana zinavyofanya kazi.

Hospitalini daktari alimsikiliza kifua, akavua miwani. "Mama, dawa nitakupa, lakini moshi na unyevu vitamwua huyu kabla dawa haijafika. Hamna chumba kikavu nyumbani?"

Marietha alitazama chini. "Tunacho."

"Basi alale humo."

Jioni ile alimsubiri mumewe amalize kula. "Baba Beatrice, daktari amesema mtoto alale sebuleni."

"Sebuleni? Na makohozi yake? Mgeni akija nimkalishe wapi?"

"Mgeni gani?"

"Mgeni yeyote."

"Nitajie mmoja. Tangu uweke makochi yale amekuja nani? Mama yako mzazi alipokuja ulimkalisha hapa kwenye moshi, eti miguu yake ina tope."

"Ndiyo maana hatuendelei. Mtu anapimwa kwa sebule yake."

"Na mtoto anapimwa kwa nini?"

Gwakisa alinawa mikono, akaondoka. Mwanamke akabaki anachochea kuni mbichi zisizotaka kuwaka, machozi yanamtoka, na hata yeye hakujua ni ya moshi au ya hasira.

Jumamosi moja alifunguliwa mlango afute vumbi, maana hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake: Gwakisa anasimama mlangoni kuhakikisha amevua ndala, yeye anafuta, wanatoka. Siku hiyo aliona nailoni ya kochi kubwa imebonyea, palepale chini ya kitambaa chake. Akapitisha kiganja kuinyoosha.

Palikuwa na joto.

Si joto la jua, jua lenyewe halikuwapo. Lilikuwa joto la mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi, katika nyumba ambayo hata majivu ya jikoni asubuhi yalikuwa baridi. Na palinuka marashi ya waridi, mazito, ya watu wa mbali, na chini ya marashi harufu nyingine kama ya nywele zilizoungua.

"Baba Beatrice, ulikaa hapa?"

"Mimi? Nikae humo na suruali hii?" Aliudhika kweli. Alipoambiwa anuse, alinusa, akasema ni harufu ya vitu vipya.

Tangu hapo, kila aliyeingia mle alitoka amenuna. Gwakisa alikuwa akiingia kuitia saa ufunguo, anatoka anatukana chumvi ya mboga ambayo hajaionja. Marietha alifuta vumbi, akatoka anataka kulia bila sababu. Watu hudhani chumba ni kuta na bati. Chumba kinakulea, jamani. Kifungie wekundu, kinyime jua, kinyime sauti ya mtu na harufu ya chakula, kisha ingia ukae humo, uone kama roho yako haitajikunja. Na kile hakikutengenezwa kwa ajili ya roho ya mtu yeyote wa nyumba ile.

Ikaja ile wiki ya ukungu, ukungu wetu wa Juni unaoingia hadi kwenye sufuria, ambapo mnawasha taa asubuhi na hamuizimi. Beatrice alikuwa amelala chumbani, kichwa ukutani, na ukuta ule ndio uliotenganisha chumba na sebule. Akakohoa. Upande wa pili wa ukuta, kitu kikakohoa.

Marietha, aliyekuwa anamkanda mgongo, alisimamisha mkono. Mtoto akakohoa tena, na kule ukutani kikajibu tena, lakini hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kile cha adabu, cha kusafisha koo, anachokohoa mgeni aliyekalishwa muda mrefu na chai hajaletewa.

"Mama," Beatrice alinong'ona, "mgeni anangoja."

"Nyamaza mwanangu. Nyamaza kabisa."

Alimweleza mumewe. Mumewe akacheka, akaenda kulitikisa kufuli, akarudi akisema limefungwa, na nani apite kwenye kufuli lililofungwa?

Sasa hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri. Siku ya soko, Gwakisa yupo gulioni na ufunguo upo kiunoni mwake, Marietha alitoka kuchota maji akamwacha mtoto jikoni pembeni ya moto. Aliporudi, mtoto hayupo. Akaita nyuma ya nyumba, akaita migombani, ukungu ukaimeza sauti. Ndipo akasikia kicheko cha Beatrice, na kilichomshtua ni kwamba kicheko kilikwenda hadi mwisho, hakikukatwa na kikohozi, kicheko kirefu na safi ambacho alikuwa hajakisikia tangu mtoto ajue kutembea, na kilikuwa kinatoka nyuma ya mlango wa sebule, na kwenye mlango ule kufuli lilikuwa limening'inia limefungwa kama lilivyoachwa asubuhi.

Aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Beatrice! Umeingiaje humo?"

"Nilibisha hodi," mtoto akajibu kwa raha. "Akasema karibu."

"Nani?"

Nailoni ikalia, kwa namna inavyolia mtu mzito anapogeuka kwenye kochi.

"Mama, amesema nisitoke. Huko nje kuna baridi."

Marietha alikimbia mpaka gulioni peku, khanga ikaanguka njiani asiiokote, akamshika Gwakisa shati mbele ya wateja wake na kumvuta, na watu wakacheka wakidhani ni mambo ya wivu. Kufuli lilipofunguliwa, mtoto alikuwa kwenye kochi kubwa, miguu inaning'inia, amelaza kichwa upande hewani, na kichwa hakikuanguka. Pembeni yake nailoni ilikuwa imebonyea, pana, na ikawa inainuka taratibu wakitazama. Marietha alimnyakua. Mwili ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na palepale alipokuwa amekaa palikuwa pa moto.

Tangu siku hiyo Beatrice hakukohoa. Hakula pia. Alikaa kimya, macho kwenye ukuta, na kila walipogeuka alikuwa yuko mle ndani tena, kufuli likiwa limefungwa, na kila alipotolewa alikuwa baridi kuliko mara iliyopita. Kilichomkata mama yake maini ni hiki: mtoto alianza kusimama kwenye mlango wa jikoni kwao, mikono ameifunga kifuani, na kusema, "Hodi wenyewe." Akiambiwa apite, anapita, anakaa ukingoni mwa kigoda, anasema asante kwa kila kitu na hagusi chakula. Mwanao wa kumzaa, anakubishia hodi na kukushukuru.

Na Gwakisa je? Mtaniwia radhi, lakini alifurahi. "Si unaona amepona kifua! Kikohozi kiko wapi?"

"Mshike mkono basi! Mshike!"

"Ni baridi ya Juni."

Marietha alikwenda mwenyewe kumwita mwinjilisti Andrea. Andrea, mtu mwema, alikaribishwa kwenye kochi la pembeni, akafungua sala ndefu yenye nguvu, na aliposema amina, amina nyingine ikaitika kutoka kochi kubwa, sauti ya kiume, yenye heshima zake. Mpaka leo kofia ya Andrea iko kwenye nyumba ile. Hakuirudia.

Kila mtu akawa na lake. Amoni alisema ni jini la pwani, limekuja ndani ya makochi, na kwamba kama ni yeye angeyauza. Hapo alikuwa anayatolea macho. Marietha alimwomba mumewe ayatoe makochi, akamwomba achome zulia, akapiga magoti, jamani, mwanamke yule alipiga magoti kwenye matope, na mume akasema atafikiri. Afikiri! Mtoto anayeyuka, yeye anafikiri.

Ndipo akaletwa Ambindwile kutoka Kisiba. Huyu ni mama wa kuuza maharage, ila ana mkono wa mambo hayo, na watu humfuata kimyakimya baada ya ibada. Alifika mchana nyuma ya pikapu ya viazi, amelowa, magoti yanamuuma, na hasira juu. Hakuja na pembe wala kibuyu.

"Ugonile, bibi," Gwakisa akamwamkia kwa kikwetu.

"Fungua mlango," alijibu.

Alisimama kwenye kizingiti, hakubisha hodi. Akavuta hewa puani. Beatrice alikuwa mle tayari, kwenye kochi, ametulia, midomo imekuwa ya kijivu.

"Chumba hiki cha nani?"

"Changu mimi," Gwakisa alisema.

"Umewahi kula humu?"

"Hapana."

"Kulala? Kuumwa? Kugombana na mkeo humu?"

"Hapana, bibi. Ni chumba cha..."

"Maliza."

"Cha mgeni."

Ambindwile akanyanyua kidole kwenye kitambaa cha ndege wawili. "Umemwandikia karibu, umemwekea kochi, umemfungia mlango watu wa nyumba wasimsumbue. Amekuja. Unanung'unika nini sasa?"

"Bibi, nifukuzie," Gwakisa alinong'ona. "Choma dawa yoyote. Nitalipa."

"Dawa ni ya mwizi. Huyu si mwizi, ulimwita, kisha kwa sababu hukukaa, akakaa yeye mpaka akawa mwenye chumba. Ukisikia mtoto wako anabisha hodi kwenye mlango wa babaye na kujibiwa karibu, ujue mgeni ni mtoto. Akishazoea, atafungiwa humu moja kwa moja. Leo jioni, kesho, sijui. Mtazame midomo." Akamgeukia Marietha. "Wewe lete mafiga yako. Lete moto, lete ndizi. Na wewe baba ingia na viatu vyako hivyohivyo vya tope, ukae pale anapokaa yeye, na usiinuke mpaka chakula kiive na kiliwe."

"Juu ya zulia?" Gwakisa aliuliza.

Ambindwile alimtazama tu, namna anavyotazamwa mtu anayepima maharage kwa kopo lililobonyea.

Marietha alileta yale mawe matatu ya jikoni, meusi kwa masizi, akayapanga juu ya kipande cha bati katikati ya zulia jekundu. Akakishusha kitambaa chake ukutani na kukitupa chini ya kuni kiwe cha kuwashia. Ndege wakaungua, maandishi yakaungua, moshi ukapanda ukaanza kuchora silingibodi nyeupe. Gwakisa aliingia na viatu, kila hatua inaacha tope, akafika kwenye kochi kubwa, akafumba macho, akakaa. Akaguna. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa kama kukaa kwenye mapaja ya mtu mwenye homa, mtu ambaye hakusogea wala hakushangaa, ila alijikusanya kidogo kumpa nafasi kwa adabu, kisha akaanza kumkandamiza kutoka pande zote.

Wakakaa. Marietha alikuwa chini, amempakata mtoto mlegevu, anamenya ndizi kwa mkono mmoja. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha, saa ya kuimba ilikuwa imesimama, nailoni ilikuwa inalia kidogokidogo pembeni ya Gwakisa, na kadiri walivyonong'onezana, lete kisu, asante, samahani, sogeza sufuria, ndivyo harufu ya waridi ilivyozidi kuwa nzito, na ndivyo kichwa cha Beatrice kilivyozidi kulemea upande wa lile kochi, na sauti ya kiume, tulivu, ya karibu kabisa na sikio la Gwakisa, ikasafisha koo na kuuliza kama chai bado.

"Mnanong'ona nini?" Ambindwile alifoka kutoka mlangoni. "Mko ugenini nyinyi?"

Wakati huohuo ukuni ulipasuka, kaa likaruka, likatua kwenye zulia, na manyoya yakaanza kuungua.

"Zulia langu!" Gwakisa akainuka.

Alipoinuka tu, nailoni nyuma yake ikabonyea yote, kochi zima, na Beatrice akashusha pumzi ndefu, ikatoka, na nyingine haikuingia.

Sijui niwaelezeje ukelele alioutoa Marietha. Nilikuwa kwenye shamba langu la migomba ng'ambo ya barabara, na panga liliniponyoka.

"Zulia? Zulia, Gwakisa? Mtoto wako anakufa, wewe unazima zulia? Kaa chini! Kaa! Nimechoka, unasikia, nimechoka! Nimekaa kwenye moshi mpaka macho yamekuwa ya kizee, nimelaza mwanangu kwenye godoro la maji, na upande wa pili wa ukuta kuna kochi kavu linalomngojea mtu ambaye hata jina hana! Mama yako amekufa hajawahi kulikalia! Tumemzika hajawahi kukalia kochi la mwanawe!"

Gwakisa alikuwa ameshajitupa kwenye kochi, anasukumana na kitu kisichoonekana, jasho linamtoka. Naye akalipuka. "Usimtaje mama yangu! Unajua nini wewe? Nilikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, mvua inanyesha, nimesimama kwenye mlango wa bwana mkubwa mmoja wa serikali, nabisha hodi, namwona amekaa, na hakuniambia karibu! Alinitazama na mvua yangu! Nikaapa nikipata changu..."

"Ukapata chako ukatusimamisha sisi mlangoni!"

"Nilitaka watu waone!"

"Waone nini? Kaburi?"

Marietha, mtoto mkononi, alichukua kikombe kutoka kwenye kabati la vioo, akakirusha ukutani. Gwakisa akamwita mwendawazimu. Marietha akamwita yeye bahili, mjinga, mtu wa kujipendekeza kwa kivuli. Wakaropokeana yote, ya miaka yote, ya mahari, ya shemeji, ya chumvi, wote wawili wanalia, sufuria ya ndizi inachemka na kumwagika, moshi umejaa. Na katikati ya ugomvi ule, kitu kwenye kochi kikasafisha koo.

Mara moja. Kisha tena, kwa haya.

Mnajua anavyokuwa mgeni, wenyeji wakianza kugombana mbele yake. Hajui aangalie wapi. Nailoni iliachia hewa, ikainuka, na Gwakisa akajikuta amekaa peke yake na nafasi tele. Kwenye manyoya ya zulia vikatokea vishimo, viwiliviwili, vidogo vya mviringo, visivyofanana na unyayo wa mtu, vikaupita moto kwa mbali, vikaelekea mlangoni. Ambindwile alijibana ukutani kupisha.

"Nitapita siku nyingine," sauti ikasema kwa upole, kama anavyoaga mtu yeyote.

Na papo hapo, kwenye mapaja ya mama yake, Beatrice akakohoa.

Akakohoa vibaya, kikohozi chake kilekile cha kukata mbavu, kile ambacho Marietha alikichukia kuliko kitu chochote duniani. Na Marietha akamkumbatia, akacheka na kulia, akawa anasema, "Kohoa mama, kohoa, kohoa mwanangu." Mikono ya mtoto ilikuwa inaanza kupata joto. Wakala ndizi zile zilizoungua, hapohapo, kwa mikono, Gwakisa ameshika sahani kwenye lile kochi na machozi yanadondokea chakula.

"Sasa ni sebule," Ambindwile alisema, akaomba naye sahani. Kabla ya kuondoka aliwaachia neno moja. "Ameaga vizuri. Aliyeaga vizuri hurudi. Msiseme karibu tena kwa mtu msiyemwona."

Beatrice alihamishiwa mle. Dirisha likafunguliwa, mapazia yakakatwa kuwa mito, kitanda chake kikawekwa mahali palipokuwa na kabati. Kifua kilichukua muda, lakini mahali pakavu ni mahali pakavu, na mwaka uliofuata alianza shule. Ukiingia leo utakuta mahindi yamening'inia, daftari, jiko la mkaa, nguo zinakauka kwenye kamba, kelele. Makochi Gwakisa aliyauza mwezi uliopita. Aliyenunua ni Amoni, aliyekuwa ameyatolea macho muda wote. Gwakisa alimweleza yote, kwa kiapo, na Amoni akacheka, akamwambia yeye sebule yake ataitunza vizuri. Mke wake alikuwa ametoka kujifungua. Wanakaa jikoni. Sebule ina kufuli.

Wiki iliyopita mchana, ukungu ulishuka. Kwa Gwakisa walikuwa wote watatu wanakula, na mimi nilikuwa nimeshavutwa ndani, nimepewa kigoda. Mlango ukagongwa taratibu.

"Hodi," sauti ya kiume ikasema, tulivu, yenye heshima zake.

Beatrice alivuta pumzi ajibu, maana ni mtoto aliyelelewa. Mikono miwili ikamziba mdomo kwa pamoja, wa baba na wa mama. Harufu ya waridi ilipita chini ya mlango. Hatukutikisika. Huko nje mtu akasafisha koo, akangoja kidogo, akasema tena, "Hodi wenyewe."

Na kutoka nyumba ya pili, kwa Amoni, mke wake akaitika kwa sauti ya uchangamfu, mtoto mchanga analia mgongoni mwake:

"Karibu! Karibu mgeni, pita ndani!"